Nilivyopanga Meza ya Okutoyi

Nilikuta kioo cha kompyuta kimejaa
kama uwanja wa harusi wageni wakishaondoka:
aikoni themanini na tatu, nilizihesabu,
zimetapakaa juu ya picha ya ng'ombe wake aliyeuzwa.
Programu ya kuchapa barua, chini kulia kabisa.
Ya picha za pasipoti katikati, peke yake, kama kisiwa.
Ya mahesabu imeilalia pembe ya ng'ombe,
na kati yao makorokoro: "Mpya", "Mpya 2", "Mpya ya kweli",
"Mazishi Esibila", "Mazishi Esibila sahihi".

Mimi nilikuwa na cheti cha chuo cha ufundi, muhuri haujakauka.
Nilifundishwa: kila kitu na kwao.

Okutoyi alipokwenda Emuhaya kwenye matanga ya shemeji yake
nikafunga mlango nusu, nikaanza.
Folda moja ya barua, moja ya fomu, moja ya marehemu,
maana hapa Luanda programu ni mbili:
ile unayoibofya ikafunguka,
na ile inayosomwa kaburini, kurasa nane, rangi au bila rangi,
na zote mbili, ikifika Ijumaa, hukataa kwenda haraka.
Waliokufa nikawapanga kwa alfabeti.
Walio hai na madeni, kwa mwezi.
Njia za mkato zisizofika popote nikazitupa.
Nikabakiza sita, mstari mmoja, zimenyooka
kama wanafunzi paredi siku ya mkaguzi.
Ng'ombe akaonekana mzima, hadi kwato.
Nikajinunulia mandazi mawili.

Jumatatu foleni ilifika kwa fundi wa viatu.
Okutoyi akaketi, akashika kipanya,
mkono ukaenda wenyewe chini kulia, ukabofya mara mbili.
Ukabofya nyasi.
Akarudi katikati, akabofya ubavu wa ng'ombe.
Tik, tik,
kama mtu anayebisha nyumba iliyohamwa.
"Ayuma," akasema polepole, "stima imeharibu nini?"
Nikamwambia, ziko hapa juu, zimeandikwa majina.
Akasogeza uso hadi pumzi ikatia kioo ukungu.
"Ma..." akasoma. "Ma..."
Mama aliyeleta barua ya karo akatazama nje.

Miezi mitatu nilimwona akichapa bila kutazama vitufe,
nikadhani ni ustadi.
Bili alinipa mimi nimsomee, nikadhani ni ukubwa.
Kumbe ile haikuwa fujo. Ilikuwa nyumba ya mtu
anayetembea gizani bila kugonga kiti,
anayejua kiberiti kiko juu ya mtungi,
chumvi nyuma ya mlango.
Nami nikaja na taa yangu
nikahamisha viti.

Hakuniambia nirudishe. Alisema tu anaenda kunywa chai,
na siku hiyo chai ilimchukua hadi magharibi.
Kitufe cha kutendua hurudisha hatua chache;
hakirudishi Jumatatu.
Nikafumba macho, nikaufuata mkono wake:
chini kulia, barua. Katikati, picha. Penye pembe, hesabu.
Nikazirudisha moja moja, nikafufua zilizokuwa pipani,
hata "Mpya ya kweli", hata zile zisizofika popote,
huenda zilikuwa mawe yake ya mpaka.
Kisha nikazikuza, kidogo tu,
asije akaona kwamba nimeona.

Asubuhi akabofya. Ikafunguka.
"Leo mashine imeamka vizuri," akasema,
akaanza kuchapa barua ya karo
na kumtania yule mama kuhusu bei ya omena.

Juu kushoto, ambako mkono wake hauendi kamwe,
nimeweka faili moja, jina lake Sabatia:
barua ya kwenda kwa daktari wa macho.
Sijaichapisha.
Nangoja siku atakayoniuliza mwenyewe
kwa nini ng'ombe wake ana doa jipya sikioni.